Kidole Gumba cha Mama Dobi

Usiku huo Mama Dobi hakutia komeo mlangoni. Alikaa kwenye kigoda, roho juu, masikio barabarani. Binti yake alikuwa amempigia simu mchana: "Mama, kibali cha bima kikitoka jioni, napanda basi la usiku. Kisipotoka, nabaki kwa shangazi." Tangu hapo simu ya binti haikupatikana.

Ulikuwa mwezi wa nane tangu binti aondoke. Figo za binti zilishindwa kazi, na bima ilimlipia kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, lakini kule mbali tu, hospitali ya rufaa. Kisha hospitali ya hapa nyumbani nayo ikaletewa mashine. Ili matibabu yahamishwe, ofisi ya bima ilitaka alama ya kidole ya mchangiaji, yaani mama mwenyewe.

Kidole chenyewe sasa! Miaka ishirini ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni kwa sabuni kali ilikuwa imekilainisha kama mgongo wa kijiko. Mashine ya alama za vidole ilikikataa mara saba.

"Mama, una hakika huyu ni wewe?" karani akauliza.

"Muulize niliyemzaa."

Karani alicheka, akamshauri aache maji na sabuni wiki tatu, apake mafuta, huenda mistari ikarudi.

Mama Dobi akaomba kazini ahamishiwe kwenye kupiga pasi. Nyumbani hakugusa beseni. Jirani yake msusi, aliyemsaidia kufua na kuosha vyombo, hakumwacha salama.

"Shoga, umeolewa na sultani? Hata kikombe husuuzi!"

"Wenzangu mnafuga kuku. Mimi nafuga kidole."

Walicheka mpaka machozi. Ya Mama Dobi yalichelewa kukauka.

Kulikuwa na nguo moja ambayo hata msusi hakupewa: leso aliyoacha binti kitandani siku ya safari. Dobi mzima, miezi minane, hakuifua. Kila jioni aliinusa, na kila jioni harufu ya mwanawe ilikuwa imepungua kidogo.

Juzi ndipo mashine ilipokikubali kidole, kwa jaribio la pili. Jibu, karani alisema, lingefika hospitali ya rufaa leo jioni.

Alfajiri honi ya basi ikalia stendi. Nyayo zikapita mlangoni, zikaenda zao. Mama Dobi akainamisha kichwa. Zikaja nyingine, za pole pole, za mtu anayepumzika njiani. Zikasimama.

Mlango ukasukumwa.

"Mama! Hujafunga? Wezi je?"

"Waibe nini? Mali yangu ilikuwa safarini."

Akaushika mkono wa binti, pale mshipa wa kusafishia damu unapotetema chini ya ngozi, akaweka kidole gumba juu yake. Binti akaiona leso.

"Hii hujaifua tangu niondoke? Dobi gani wewe?"

Mama alikwenda mlangoni, akatia komeo.