Plamu Yenye Sweta

Nilikuwa nimeapa hii siisimulii kamwe, lakini kwa vile wengine wenu mmeshasikia nusu yake huko Mweiga, tena imetiwa chumvi, afadhali mnisikie mimi niliyejiaibisha.

Ilikuwa miaka ya sabini, nimetoka chuo cha kilimo juzi tu, nikatumwa Endarasha kuangalia shamba dogo la majaribio lenye plamu za aina sita kutoka ng'ambo, tuone ni gani itakubali baridi yetu. Sasa mimi ni mtu wa Sagana, kwetu ni joto, chuoni nilisomea kahawa na mahindi, na plamu nilikuwa nimeiona sokoni tu, imeiva, iko kwa karai. Mti wake sikuujua (na hilo sikumwambia mtu).

Hiyo miche ilikuwa imepandikizwa: kijiti cha plamu kimeunganishwa juu ya shina la mti mwingine, na kazi ya hilo shina la chini ni mizizi tu, likichipuka unakata. Mti gani huo mwingine, sikuuliza. Asubuhi moja, umande umeganda kila mahali, nikakuta kijiti cha aina namba nne kimekauka kabisa, lakini hapo chini yake kuna chipukizi limesimama, kijani, lina afya kunishinda. Makasi ilikuwa mkononi. Nikasema, wacha likae, nani anataka kuandika ripoti yake ya kwanza kwamba mti umekufa?

Likakaa, na likapenda Endarasha. Mwaka wa tatu lilikuwa limenipita urefu, na zile aina zingine tano bado zimejikunyata kama watu walionyang'anywa blanketi. Kila mwezi niliandika, "Namba nne inastahimili baridi vizuri sana," na niliandika mara nyingi hadi nikaamini. Ilipozaa, mkubwa wangu, Bwana Mureithi, akafurahi, akaita wakulima wa Kieni waje wajionee.

Wakaja wengi, wamevaa makoti ya kanisani. Mbele kabisa alisimama Mama Njoki, jirani wa shamba, ambaye kwa kusikia sifa zangu alikuwa ameng'oa viazi vyake na kuchimba mashimo ishirini, anangojea miche ya namba nne. Nikaongea vizuri, nikajisikia. Halafu yeye akasogea, akashika tunda moja, bado changa, akalisugua kwa kidole.

"Bwana shamba, mbona hii plamu iko na manyoya?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Neno moja tu. Badala yake nikakohoa, nikasema, "Mama, hiyo ni kwa sababu ya baridi. Ni kama sweta. Mti umejifunza kuvalisha matunda yake."

Mzee mmoja nyuma akatoa kofia, sijui kwa heshima au kwa huruma. Mama Njoki akaangalia jani, refu, jembamba, akaniangalia mimi.

"Mwanangu," akasema polepole, "hii ni pichi. Mama yangu alikuwa nazo kwa ua. Mbuzi wetu wanazijua."

Kicheko kilichofuata nadhani kilifika mlimani. Bwana Mureithi hakucheka. Alipiga magoti na suti yake, akafukua udongo kwa vidole, akaona kile kijiti kimekauka na mahali pichi ilipotokea, akainuka akajipangusa. "Miaka mitatu," akaniambia kwa sauti ya chini, "umekuwa ukichunga mizizi."

Kazi sikufutwa, lakini kesho yake alinituma kwa Mama Njoki na jembe. Nilifukia yale mashimo yote, nikapanda viazi upya, na yeye amekaa kwa kigoda akinionyesha laini. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ungeniuliza ungepungukiwa na nini?" nami nikaendelea kulima.

Baadaye aina mbili kati ya zile tano zilikuja kuzaa, plamu za kweli, tamu. Lakini hakuna mkulima aliyekubali mche kutoka mkononi mwangu hadi Mama Njoki alipokuja, akashika jani, akaonja tunda, akatema mbegu na kusema, "Haya, hii ni yenyewe." Tangu siku hiyo nikiulizwa kitu nisichokijua, nasema sijui, hata kama ni mbele ya mkutano, hata kama nimevaa tai.