Muuguzi wa Kifua Kikuu

Asubuhi za miezi ile sita ya kumeza dawa kliniki nazikumbuka kwa harufu ya sabuni mikononi mwa muuguzi wa kifua kikuu. Alianza kwa kufungua madirisha yote, hata mvua ikinyesha, na aliyelalamikia baridi alijibiwa, “Afadhali utetemeke kuliko kumwambukiza mwenzako.” Kisha alituwekea vidonge kiganjani, mmoja mmoja, akasubiri tumeze. “Fungua kinywa. Inua ulimi.” Mgonjwa mwenzetu, mzee fundi viatu, alimtania, “Sista, nina meno mawili tu, unatafuta nini humo?” “Natafuta uongo, baba.” Kufika mwezi wa tatu kikohozi changu kilikuwa kimekwisha, nimenenepa, nikajiona mjanja. Nilivibana vidonge shavuni hata asivione, nikavitema nje ya mlango wa kliniki. Sikujua kwamba amenifuata. Hakufoka. Alivitazama mchangani, akauliza kwa sauti yake ya mkwaruzo, “Chumbani unalala na nani?” “Na mdogo wangu, sista. Ana miaka minne.” “Wadudu wako wamelala tu, hawajafa. Wakiamka, huenda dawa hii isiwaweze tena, na yeye ndiye anayevuta pumzi yako. Kesho njoo naye, akuone unavyotema.” Akanipa vidonge vingine. Nilivimeza palepale bila maji, vikanikwaruza koo hadi nyumbani. Mdogo wangu aliponirukia mlangoni, nilimbeba huku nimegeuza uso pembeni.