Nyuzi za Kiondo na Moto wa Buluu

Mwanangu, kila nikiliona jiko la mafuta ya taa moyo unaniruka, hata leo na mvi hizi. Acha nikwambie kwa nini.

Miaka ya tisini nilikuwa mhandisi kijana katika kiwanda kidogo cha majiko mjini Thika. Tulikuwa tunabuni jiko jipya. Sisi Thika tulitengeneza tangi, na karakana yetu ya Ruiru ilitengeneza tambi za kunyonya mafuta. Kila tukiliwasha, moshi mweusi! Ruiru walilaumu tangi, Thika tukalaumu tambi. Mkurugenzi akachoka.

"Ijumaa nataka moto wa buluu, usio na moshi," alisema. "La sivyo, nafunga Ruiru."

Nilikaa Gitothua, mtaa wa huko Ruiru, na majirani zangu wengi walitegemea karakana ile. Usingizi ulinitoroka.

Basi nikachukua ubao, nikapigilia misumari, kila kazi msumari wake. Palipo na mtu anayemngoja mwenzake, nikafunga uzi wa kusukia kiondo, kile kikapu chetu, toka msumari hadi msumari. Chuoni tulifundishwa kwamba hiyo ni nadharia ya mitandao, ya kuchora nani ameungana na nani. Mama Wambui, mkuu wa karakana ya Ruiru, alipouona ubao alinicheka sana.

"Wee Nyambura, siku hizi unasuka kiondo kazini?"

"Haki, mama, niambie tu wewe unangoja nani."

"Si nyinyi watu wa tangi! Mkipunguza kina cha tangi, mimi napima tambi upya."

Mwanangu, nilipiga kelele! Kwani sisi nasi tulikuwa tukipunguza kina kila tambi zake zikija fupi. Tulidhani kazi ni foleni, kumbe ilikuwa duara. Nyuzi zote zilizosongamana zilikuwa kati ya misumari miwili, wa tangi na wa tambi.

"Ngai! Mungu wangu!" Mama Wambui akashika kichwa. "Kumbe tunafukuzana!"

Kesho yake nikampeleka fundi wetu wa tangi hadi Ruiru, akaketi benchi moja na Mama Wambui. Wakakata, wakapima, wakagombana, wakacheka. Ijumaa mkurugenzi alikuja Ruiru, akawasha kiberiti. Buluu! Buluu tupu! Mama Wambui alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje, na karakana haikufungwa.

Kwa hivyo kazi ikikwama, mwanangu, usianze kutafuta mvivu. Uliza nani anamngoja nani, kisha waketishe pamoja. Mungu akupe kazi ya kukurusha moyo hivi, na watu wa kugombana nao benchi moja mpaka mcheke.

Jiko lenyewe ni lile pale pembeni. Liwashe, tunywe chai.