Dakika Tatu za Shukrani

Usiku wa kuamkia safari sikulala, na kilichoninyima usingizi ni kadi nyekundu ambayo nilikuwa sijaiona bado. Kazi yangu huko Buffalo ingekuwa kuiinua muda wa msemaji unapokwisha. Nikiinua mapema nitaonekana sina adabu. Nikichelewa nitaonekana siwezi kazi. Na nikiinua kwa mkono wa kushoto je?

Nilikuwa na shahada ya afya ya jamii, na baada ya kupanga maboksi ghalani kwa muda mrefu, ofisi moja ya Columbus ilinichukua kwa majaribio. Ofisi hiyo huwasaidia wanafunzi wa sekondari wa Waseneka, wenyeji wa asili wa upande wa Buffalo, kuzifahamu kazi za afya: uuguzi, maabara, ukunga. Siku yao ya kazi za afya huko Buffalo ikienda vizuri, ningeajiriwa.

Asubuhi, nyumbani kwetu Beechmont, mtaa wa Louisville, Mama alinifungia maandazi kwa safari.

"Bon, sisi tulikuya hapa juzi," alisema kwa Kiswahili cha kwetu Uvira. "Donc ni weye njo utaenda kuonyesha benye inchi mlango ya kazi?"

"Ndiyo, wenye nchi wenyewe. Ndiyo kazi niliyopewa, Mama."

"Minajua. Njo maana minakufungia chakula."

Kutoka Louisville hadi Columbus nilipanda basi. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kuinua kadi isiyokuwepo, nikijitazama kwenye kioo cha dirisha ili uso uwe wa upole. Abiria wa pembeni alihama kiti.

Hilliard, pembeni mwa Columbus, jioni. Nilipokelewa na mkuu wangu, Bwana Mutiso, Mkenya aliyekuja kusoma akabaki, mwenye nyumba ya nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha askari. Mkewe alikuwa amepika chapati na kuku. Bwana Mutiso akasema tushukuru kwanza. Akashukuru kwa uhai, kwa mvua, kwa gari, kwa mtambo wa joto uliotengenezwa wiki ile, kwa majirani wa kushoto na wa kulia, na kwa jamaa zake wote wa Machakos, mmoja mmoja. Nilifungua jicho moja. Chapati zilikuwa zimeacha kutoa mvuke. Tukasema amina, tukazila baridi, na zilikuwa tamu.

Baada ya chakula alinikabidhi kadi.

"Neema, hawa watu lazima waanze na maneno yao ya shukrani. Ni desturi yao, na tunaiheshimu sana. Tumewapa dakika tatu."

"Na zikiisha kabla hawajamaliza?"

"Unainua kadi. Polite tu. Mtaelewana, nyote ni watu wa asili."

Sikuona asili yangu ya Uvira inavyofika Ziwa Erie, lakini nilikuwa kwenye majaribio. Nikakubali kwa kichwa.

Kesho yake tulipita Cleveland, ziwa likiwa upande wetu wa kushoto hadi Buffalo. Bwana Mutiso alinieleza slaidi yake ya kwanza, yenye kichwa "Kuheshimu Utamaduni". Ilikuwa na picha ya tai.

Buffalo, ukumbi wa chuo. Midoli ya kujifunzia huduma ya kwanza ilikuwa imelazwa mezani, na viti vilikuwa vingi kuliko watu. Msichana mmoja, Kayla, anayetaka kuwa mkunga, ndiye aliyepewa kusema shukrani mwaka huu. Aliitazama kadi mapajani mwangu.

"Wewe ndiye wa kadi?"

"Ndiyo."

"Mwaka jana binamu yangu alifika kwenye mito, kadi ikapanda. Mimea ya dawa haikushukuriwa. Kisha wakatuwekea somo la dawa." Akaonyesha viti vitupu. "Hao ndio walioliona hilo wakabaki nyumbani."

Akasimama. Akaanza kwa lugha yao, kisha kwa Kiingereza: akawashukuru watu, akaishukuru ardhi, akayashukuru maji. Kila alipomaliza jambo, wenzake waliitikia kwa sauti moja. Alipowafikia samaki, dakika tatu zilikuwa zimekwisha. Kule ukutani Bwana Mutiso aligonga saa yake kwa kidole.

Nikawaza ajira. Nikamwaza Mama kanisani, ambaye alikuwa ameshaitolea ushuhuda ajira hiyo. Nikawaza chapati. Nikaiweka kadi kitini, nikaikalia.

Bwana Mutiso alikuja ameinama, kama mtu anayepita mbele ya mimbari.

"Neema, kadi."

"Nimeikalia."

"Muda umeisha."

"Jana chapati zilipoa, Bwana Mutiso, na tulizila."

Mama mmoja wa mstari wa mbele aligeuka, akamsogezea kiti. Kukikataa kungekuwa utovu wa adabu mbele ya utamaduni aliokuja kuuheshimu. Akaketi. Mimea ya dawa ilishukuriwa, miti, ndege, upepo. Kufikia jua, Bwana Mutiso alikuwa anaitikia pamoja na ukumbi, kwa sauti nzito. Mazoea ya kanisani hayafichiki.

Ratiba iliharibika yote. Slaidi ya tai haikupata nafasi. Kayla na wenzake walimshikilia mkunga aliyealikwa kwa maswali hadi dereva wa basi lao akaingia kuwafuata. Piza zilipoa. Hakuna aliyelalamika.

Kurudi, karibu na Cleveland, Bwana Mutiso alizima redio ya gari.

"Uliniaibisha."

"Walikupa kiti, Bwana Mutiso."

Kule Hilliard alifumba macho mezani: "Asante kwa chakula, amina." Chapati zilituunguza vidole. Mkewe alimtazama kama anayemtazama mgonjwa.

Louisville, nyumbani. Nilikuwa sijavua viatu ujumbe wa Bwana Mutiso ulipoingia: niandae ratiba ya mwaka ujao, kila jambo na dakika zake, kisha ndipo tuzungumze habari ya ajira.

"Walikuandika?" Mama aliuliza.

"Bado."

Nimejifunza kwamba mtu anaweza kuiheshimu desturi huku ameshika saa, na wenye desturi wanaiona saa tu. Niliandika mstari wa kwanza wa ratiba: "Shukrani: mpaka ziishe." Nikaongeza "takriban nusu saa". Nikafuta. Mimi husoma barua mara tano kabla ya kuituma. Ratiba hiyo niliituma bila kuisoma tena, kisha nikavua viatu.