Valvu mpya na blanketi la dirishani

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa heshima zote nawatangazia kuwa jiko letu la gesi la sebuleni limepata valvu mpya.

Ni lile la kuotea moto, lisilo na dohani. Wiki nzima lilikuwa likiwaka na kuzimika, na mama mkwe, mgeni wetu kutoka Tanga, analala humo humo sebuleni.

Mimi, mkwe mwema, nikaziba dirisha kwa blanketi ili baridi ya mtaa wetu huu wa Rosettenville isimguse.

Leo akaja Mama Grace, jirani yetu Mkongomani, fundi wa gesi. Akapaka maji ya sabuni kwenye valvu ya zamani. Yakatoka mapovu.

"Baba Zuhura, hii inavuja. Na hii blanketi, nani ameweka?"

Nikajifanya kulikagua jiko.

"Mkwe wangu," akajibu mama mkwe. "Ananipenda sana."

Mama Grace akafunga gesi, akabadilisha valvu, kisha akalikunja blanketi na kunikabidhi.

"Moto nao unapumua, baba, unamaliza hewa ya chumba. Dirisha ibakie wazi kidogo."

Mama Grace, Mungu akuzidishie. Bila wewe, leo ningekuwa natangaza msiba.

Nanyi mlioziba madirisha, semeni ukweli hapa chini.

Jiko sasa linawaka vizuri, dirisha liko wazi, na sote tumevaa makoti.