Keki ya mke wangu ilivyotaka kuangusha master's yake (dodoso la pua kwa Kiajemi)

Wakuu, poleni na majukumu. Huku Stockholm baridi inatunyoosha, nimeona niwape kisa cha nyumbani kwangu.

Sitii chumvi. Mhusika mwenyewe amekaa hapa pembeni, nikidanganya nafinywa.

Kwanza mnijue. Mimi mtoto wa Kigoma, darasa la saba, basi. Nilianza huku na ndoo moja na dekio moja. Leo nina kampuni ya usafi, vijana kumi na wanne, Warundi, Wakongo, hadi Mswidi mmoja ananiita bosi. Wenye digrii humu mtanisamehe.

Mke wangu Mahnaz ni Mwirani, nesi. Tunaongea Kiswidi, kwa hiyo maneno yake nawatafsiria.

Miaka michache nyuma alikuwa anasoma master's. Kuna dodoso wanalojaza watu waliofanyiwa upasuaji wa kurembesha pua, kuonyesha wameridhika kiasi gani. Lilikuwa la Kiingereza. Yeye na wenzake wakalitafsiri kwa Kiajemi, mtu mwingine akalirudisha kwa Kiingereza bila kuona la mwanzo, wakalinganisha. Safi kabisa.

Ikabaki kulipima kwa wagonjwa wenyewe. Je, linamtenga aliyeridhika na asiyeridhika? Na mtu akijaza tena baada ya wiki mbili, atajibu vilevile?

(Msishangae najua haya. Nimelishwa mezani mwaka mzima.)

Majaribio ya kwanza yakarudi: watu wote wameridhika kupindukia!

Profesa wake akamwambia mizani inayosema kila mtu ana kilo sabini hiyo si mizani. Akampa hadi mwisho wa muhula. Ikishindikana, anaanza upya.

Mahnaz akaacha kula. Kutwa anachokonoa tafsiri, neno kwa neno.

Jumamosi moja nikampeleka Jakobsberg kwa mgonjwa mmoja, mama wa makamo, nimwite Parvin. Mahnaz kabeba keki aliyooka mwenyewe, kama alivyofanya kwa wagonjwa wote. Tukapewa chai, pistachio, matunda, tukalishwa kama maharusi. Fomu ikajazwa katikati ya vikombe: pua nzuri, hewa inapita, daktari Mungu amlinde.

Mimi macho yangu kwa yule mama. Kila akitafuna mara mbili anatua kidogo, anavuta pumzi kwa mdomo!

Tunaondoka, Mahnaz katangulia kwenye gari, mimi nafunga viatu. Parvin akaniinamia.

"Kaka, tundu la kushoto limeziba tangu wanipasue. Ila usimwambie. Mtoto wa watu kaja na keki, nitamvunjaje moyo?"

Siri ile niliivunja hata mkanda sijafunga. Nakiri.

"Mama Neema, tatizo si Kiajemi chako. Tatizo ni keki yako."

"Wewe unajua nini kuhusu utafiti?"

"Utafiti sijui, wateja nawajua. Nikimuuliza mteja nimesimama mbele yake na dekio, anasema ofisi inang'aa. Nikishaondoka ndiyo anapiga simu."

Akanuna hadi tunafika kwetu Skärholmen. Nimeshaegesha, akasema kwa sauti ndogo, "Taarof."

Ndiyo adabu yao: mgeni haambiwi neno la kumuumiza. Hata sisi tunayo. Nani humu amewahi kula kwa watu akasema chumvi imezidi? Yeye kazaliwa ndani yake, hakuiona.

Profesa akamruhusu kurudia. Safari hii bahasha na stempu, namba badala ya jina, kila mtu ajaze peke yake, kisha atume kwa posta. Keki nikala mimi.

Wakuu! Wengine juu, wengine katikati, wawili wamemshukia daktari na ukoo wake. Baada ya wiki mbili, majibu karibu yaleyale. Kazi ikapita. Na Parvin, Mahnaz akamshawishi arudi kuonwa na daktari.

Siku kazi ilipopita tulikuwa tunakula. Mahnaz akanisukumia fomu moja tupu.

"Sasa jaza wewe, kuhusu yangu. Bila taarof."

Pua yake aliitengeneza Tehran akiwa na miaka ishirini, kabla hatujajuana. Miaka kumi na miwili kila akiniuliza namjibu nzuri sana, nageukia sahani yangu.

Nikaweka kijiko chini.

"Ni nzuri. Ila ninayoipenda zaidi ni ile ya zamani."

"Hujawahi kuiona. Picha nilichana zote."

"Naiona kila asubuhi. Anayo Neema."

Binti yetu wa miaka tisa akainua uso, akauliza kwa Kiswidi chake, "Nimefanya nini tena?"

Mahnaz akamtazama, akamtazama. Kisha akainuka, akaibusu ile pua ndefu yenye nundu katikati. Halafu akanimiminia chai.

Nilichojifunza: ukitaka ukweli wa mtu, mwache kwanza apumue. Na ukiulizwa na umpendaye, usimpe jibu la mgeni.

Wenye wake waliorekebisha chochote, huwa mnawajibu nini? Mwageni hapa. Na wenye PhD msione haya kuuliza, nitawaelekeza.