Kengele ya Lokwang

Shamis, muuguzi wetu hapa Lodwar, ananisumbua eti niandike habari ya kaka yangu. Mimi herufi niliziokota tu, hakuna aliyenifundisha vizuri. Lakini nikimwachia yeye ataandika ripoti.

Ekaale ni mtu wa Kakuma. Ujanani alikuwa na ng'ombe dume mweupe, Lokwang, akamfunga kengele shingoni, akamtungia wimbo. Watu wakamwita Apalokwang, baba wa Lokwang, kama ilivyo desturi yetu. Ukame ukamuua yule dume. Kaka akabaki kuchinja mbuzi sokoni, mbishi kama mimi.

Sasa ana saratani ya koo. Dripu ya kwanza ya dawa ilimtapisha mpaka akang'oa sindano.

"Nipeleke nyumbani nikafe nimeshiba."

"Umeshiba lini wewe?" nikamuuliza.

Shamis akasema muziki hauponyi, ila humtuliza mtu akavumilia dawa. Basi Anatole, jirani yetu Mkongo, akaleta simu. Alikuwa amemrekodi Ekaale akiimba wimbo wa Lokwang, kabla sauti haijakauka. Tukamwekea masikioni. Akatulia, hakutapika.

Wimbo ulipoisha akauliza, "Akai, kengele ya nani hii?"

"Kengele gani?"

"Ya Lokwang. Ananitangulia."

Nikasikiliza mwenyewe, mchana kweupe. Kengele ilikuwemo, inaenda polepole. Nikamgeukia Anatole.

"Mama Akai," akasema, "siku ile ya kurekodi tulikuwa mimi na yeye tu, na simu. Kengele ilitoka wapi?"

Tangu hapo kila dripu Ekaale anaifuata kengele hiyo, mwili ukibaki kitandani, na akirudi ananisimulia. Mara alifika mtoni Tarach. Mara akapita Lokitaung, huko kaskazini, akaona watu wamekaa kivulini wanampungia mkono. Marehemu baba yetu alikuwa katikati yao.

Juzi wimbo uliisha, yeye hakurudi. Macho wazi, mkono baridi. Nyayo zake zilikuwa na vumbi jeupe, na kitanda kilikuwa safi. Shamis akamkimbilia daktari. Mimi nikainama sikioni nikaita kama tunavyoita ng'ombe jioni: "Apalokwang, rudi."

Akapepesa macho. "Kelele za nini? Nilikuwa nimebakiza kidogo nifike."

Bila wimbo anang'oa sindano. Akiwekewa wimbo, anakwenda. Dripu bado zipo, na Jumatatu anaingia tena. Sauti yangu inakwaruza, haifiki mbali.

Wewe unayesoma, usinisomee kwa macho tu. Jumatatu simama mlangoni pako, geukia kaskazini, umwite Apalokwang, jina alilopata kwa dume wake, arudi. Akichelewa kuitika, ongeza sauti.